Siku Kumi na Tisa za Fundi wa Vioo

Dirisha la stoo ya chuo, Jumatatu ya kwanza ya muhula, si mahali pa kupatia mchumba. Ni mahali pa kukanyagwa vidole. Watu arobaini wanagombania kidirisha kimoja, kila mmoja na karatasi yake yenye mihuri mitatu, na mtunza stoo, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, anasoma kila karatasi mpaka nukta ya mwisho.

Aliyekuwa mbele siku hiyo ni msichana mwenye gauni la njano chini ya koti jeupe la maabara. Koti lilikuwa na matundu ya kuungua, miwani ya kinga ameipandisha kwenye nywele, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya sweta.

"Faneli ya matone, ya nusu lita," alisema. "Hii bilula yake imepasuka."

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Binti, ukiagiza leo inakuja baada ya miezi minane. Andika jina."

"Miezi minane nitakuwa nimeshazeeka."

"Basi tutazeeka wote. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya bluu, nyusi ya kushoto imeungua nusu. Badala ya kusogea dirishani alinyoosha mkono. "Hebu nione hicho kioo chako."

"Wewe nani?"

"Fundi wa vioo. Karakana ya chini, mlango wa mwisho, ukipita choo."

"Kumbe tuna fundi wa vioo hapa chuoni?"

"Mwaka wa sita huu. Asante kwa kunifahamu."

Msichana akacheka, na kijana akapoteza nafasi yake kwenye foleni bila kujali. Ndivyo ilivyoanza. Wengine hukutana harusini.

Huko karakana alimpa kigoda, akawasha moto, akaanza kutengeneza bilula mpya, ile koki ndogo ya kioo inayoachia matone. Msichana alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mkemia, na alikuwa na tabia ya kueleza kazi yake kwa yeyote atakayekaa kimya dakika mbili.

"Inafanya nini hasa hii faneli?" fundi aliuliza.

"Inadondosha."

"Basi?"

"Tone moja kila sekunde ishirini na tano. Siku tatu mfululizo."

Fundi akazima moto amwangalie vizuri. "Na wewe hizo siku tatu unafanya nini?"

"Naangalia."

"Haya. Kuanzia leo jina lako ni Tone."

Tone akamweleza kwa nini matone lazima yaende polepole hivyo. Chukua uzi, alisema, wenye gundi kwenye ncha zote mbili. Ukiutupa kwenye ndoo iliyojaa nyuzi wenzake, kila ncha itamshika jirani, na utapata fundo moja kubwa lisilofaa kitu. Lakini ukiutupa peke yake kwenye maji mengi, ncha haina wa kumshika isipokuwa ncha mwenzake. Uzi unajifunga, unakuwa duara. Molekuli zake ndizo hizo nyuzi. Duara likishafunga, katikati yake anaweka yuropiamu, moja ya madini adimu, na mchanganyiko ule ukimulikwa na taa ya urujuanimno unawaka rangi nyekundu. Unaweza kupakwa kwenye chembe hai na kuonyesha ugonjwa ulipojificha.

"Umeshawahi kuuona ukiwaka?"

"Bado. Nimejaribu mara kumi. Mara kumi nimepata ulimbo, lile fundo la kunata. Profesa wangu ameanza kuniangalia kwa jicho la huruma, na mimi afadhali anitukane."

Akamwonyesha pia jedwali la elementi alilobandika kwenye jalada la daftari lake, ile safu ya chini ambayo watu huiruka. "Hawa ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Lanthanamu ndiye kaka mkubwa. Seriamu wa pili. Yuropiamu wangu ni wa saba. Wanafanana tabia mpaka kuwatenganisha ni kazi ya miaka."

"Kama familia ya shangazi yangu," alisema fundi. "Ukimuudhi mmoja umewaudhi wote."

Sasa lisikilize hili vizuri, maana hadithi yote imesimama hapa. Bilula ya kioo haikamiliki mpaka ing'arishwe. Fundi huchukua unga laini wa rangi ya waridi iliyopauka, huukoroga na maji kidogo, husugua mpaka bilula izunguke bila kukwaruza. Kisha huisuuza mara tatu: maji, spiriti, maji yaliyochujwa. Ndiyo sheria ya kazi. Lakini saa ilikuwa nane kasorobo, kantini hufungwa saa nane, na msichana mwenye gauni la njano alikuwa ameuliza, "Kwani wewe unakula wapi?" Fundi aliifuta bilula kwenye ovaroli yake, akaipuliza, akaichomeka. Hakusuuza hata mara moja.

Walikula wakabishana nani alipe, wakachelewa kazini wote wawili.

Baada ya siku tano simu ya karakana ililia.

"Fundi."

"Sema, Tone."

"Panda juu. Sasa hivi. Usiulize."

Alipanda ngazi mbilimbili. Tone alimvuta mkono mpaka chumba kidogo cha kuhifadhia karatasi, akafunga mlango na pazia, akabonyeza taa. Kwenye kichupa kulikuwa na fuwele chache nyeupe, na fuwele zile ziliwaka nyekundu, mpaka meno ya Tone yakaonekana mekundu anavyocheka.

"Ya kumi na moja," alisema. "Mimi sijui nimefanya nini tofauti. Sijui, Fundi, lakini imekubali."

Akamkumbatia humo humo gizani, na fundi akaona kuwa mtu anaweza kufa kwa furaha na asilalamike.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa yao. Tone alikuwa akipiga simu katikati ya kudondosha kwake matone, kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani.

"Umekula?"

"Bado, mpenzi."

"Unangoja nini?"

"Nangoja anilishe mwenye matone yake."

"Mwenye matone ana matone elfu kumi ya kuhesabu. Nenda kale, mchumba wangu mwenye nyusi moja na nusu."

Jumapili walitembea mtaa wa maduka ya nguo, Tone amevaa viatu vya kamba na lile gauni la njano, fundi amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Walisimama kwenye madirisha ya maduka wakicheka bei. Shangazi yake fundi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alipiga simu kila Jumatano saa sita mchana bila kukosa: "Unamleta lini huyo mkwe nimwone?" Na fundi alijibu, "Shangazi, tulia, atakuja."

Kisha barua ikaja. Maabara kubwa ya ng'ambo ilikuwa imepelekewa sampuli ya zile fuwele na Profesa, nao wameona. Walikuwa na nafasi moja ya utafiti ya miaka mitatu, ya Tone, kwa sharti moja. Arudie. Kitu kilichofanyika mara moja ni bahati, waliandika, kikifanyika mara mbili ni kemia. Matokeo ya mara ya pili yawafikie kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya mwisho ya mwezi unaokuja. La sivyo, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

"Miaka mitatu si mingi," Tone alimwambia. "Utaningoja?"

"Nitakungoja."

"Muongo wewe."

Hakuwa muongo, alikuwa na hofu. Kaka yake mwenyewe alikwenda ng'ambo kwa miaka miwili. Sasa ni mwaka wa kumi na moja, na kilichobaki kwake ni salamu za sikukuu. Fundi alijua miaka ya huko inavyohesabiwa.

Jaribio la kumi na mbili: ulimbo. La kumi na tatu: ulimbo. Tone akajilaumu. Akaosha vyombo vyake mara mbili zaidi, akachemsha faneli, akaisugua bilula kwa spiriti mpaka ikalia. Na masikini, kila alivyozidi usafi ndivyo alivyozidi kukosa.

Ijumaa moja asubuhi kopo la unga wa kung'arishia liliisha. Fundi akafungua jipya, na kwa kuwa alikuwa anangoja moto upate nguvu, akasoma karatasi ya ubavuni, ambayo kwa miaka sita hakuwahi kuisoma. Unga huu una: oksidi ya seriamu. Oksidi ya lanthanamu.

Akasoma tena. Kaka mkubwa na wa pili wake.

Hakuwa mkemia, lakini hakuwa mjinga. Alikumbuka ovaroli, kantini, saa nane kasorobo. Unga uliobaki kwenye bilula ulishuka na matone, ukaingia kwenye chupa kabla ya wakati wake. Ndugu wa yuropiamu walikaa katikati, wakazishika zile ncha mbili, wakazikutanisha. Uzi ulikuwa na wa kuufunga. Ndiyo maana ya kumi na moja ilikubali, na ndiyo maana hakuna nyingine itakayokubali maadamu Tone anasafisha.

Ilikuwa habari ya kupanda nayo ngazi mbilimbili. Alifunika kopo, akaliweka nyuma ya mitungi ya gesi.

Kesho nitamwambia, alijisemea. Jumamosi Tone aliumwa kichwa. Jumapili walikuwa na furaha kidogo, ya nini kuitia doa? Jumatatu alikuwa na Profesa. Mtu akitaka sababu haikosi. Wiki ikapita. Jaribio la kumi na nne likawa ulimbo, na Tone alilia amesimama kwenye sinki, glavu mkononi, na fundi akavua saa, akakunja mikono ya shati, akamsaidia kuosha. Ulimbo ule hautoki kwa maji, unakwanguliwa kwa kijiko. Walikwangua pamoja nusu saa.

"Wewe una moyo," Tone alimwambia. "Mwanamume gani mwingine angekwangua uchafu huu?"

Alikwangua wa kumi na tano. Akakwangua wa kumi na sita. Wa kumi na saba aliukwangua peke yake, maana Tone alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kabati, hana tena hata machozi. Nisikudanganye kwamba alikuwa mtu mbaya. Alimpenda. Mtu mbaya asingekwangua. Lakini kukwangua kwake hakukumsaidia Tone chochote.

Jumatano ya wiki ya mwisho, saa sita na nusu mchana, Tone alishuka karakana. Alikuwa amevaa gauni la njano, na kwa mara ya kwanza hakuvaa koti jeupe juu yake. Akakaa kwenye kigoda kile kile.

"Nimemwambia Profesa naacha," alisema. "Zimebaki siku mbili, na kudondosha ni siku tatu. Hesabu yenyewe imenifukuza."

Fundi alizima moto.

"Shangazi yako kapiga leo?"

"Kapiga."

"Kauliza?"

"Kauliza."

"Mwambie nakuja Jumapili." Alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa limechoka. "Tuoane, Fundi. Kule nimeshindwa. Angalau hapa nisishindwe. Nitafundisha shule yoyote, tutapanga vyumba viwili, utakuwa unaniudhi na mimi nakuudhi. Si maisha mabaya. Au hunitaki tena?"

Hilo ndilo neno alilokuwa akilitamani tangu kwenye foleni ya stoo. Limekuja, na limekuja kama mtu anayechukua kilichobaki sokoni jioni. Fundi alijua nani amemwachia hicho kilichobaki. Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na asingejua mtu milele.

Aliinuka, akaenda nyuma ya mitungi ya gesi, akarudi na kopo. Akaliweka mapajani mwa Tone.

"Soma ubavuni."

Tone alisoma, na alielewa kabla fundi hajafungua mdomo, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kuelewa.

"Bilula," alisema.

"Sikuisuuza siku ile. Nilitaka tuwahi kula."

Kwa muda uso wake uling'aa kabisa. Alikuwa amepata jibu, na mkemia akipata jibu husahau kila kitu kingine. Kisha akalitazama kopo tena, akaona limekwishafunguliwa na unga umepungua.

"Umejua lini?"

"Tone..."

"Nimekuuliza lini."

"Ijumaa. Ile kabla ya kumi na nne."

Akahesabu kwa vidole kama mtoto. "Siku kumi na tisa."

"Niliogopa utakwenda usirudi. Kaka yangu..."

"Kaka yako simjui." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ya kumi na nne uliosha na mimi. Nililia hapo mbele yako, ukanipa leso. Ya kumi na tano ukaniambia nisijilaumu. Ulikuwa unajua, na unakwangua."

"Nisamehe."

"Ungeniambia Jumatatu tu. Hata Jumatatu hii ingetosha."

Alichukua kopo akaondoka. Mlangoni aligeuka, na fundi akadhani atasema jambo, lakini alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

Saa nane mchana matone yalianza, na kijiko cha unga ndani ya chupa. Fundi alisimama kwenye mlango wa maabara, haingii, haondoki.

"Ukiifungulia kidogo?" alisema. "Tone moja kila sekunde kumi na mbili. Ijumaa asubuhi itakuwa imekwisha."

"Nyuzi zitagusana. Utakuwa ulimbo." Hakumgeukia. "Kila siku wewe unataka kuwahi, isipokuwa siku niliyohitaji uwahi."

Profesa aliwapigia wa ng'ambo simu, akabembeleza mpaka Jumatatu. Wakamjibu kwa adabu kwamba orodha ina mtu wa pili, na yeye pia ana maisha. Ijumaa saa kumi na dakika mbili barua pepe iliingia, mistari minne. Tone aliisoma amesimama, matone yakiendelea kushuka nyuma yake, moja kila sekunde ishirini na tano. Hakuyafunga. Alikuwa na chumvi ya yuropiamu ya mara moja ya mwisho, na alitaka kujua.

Jumamosi jioni, matone yalipokwisha na yuropiamu ikaingia, simu ya karakana ililia.

"Panda," alisema Tone, na kukata.

Fundi alipanda taratibu. Chumba kile kile cha karatasi, pazia lile lile. Akabonyeza taa. Safari hii hazikuwa fuwele chache. Chupa nzima iliwaka nyekundu, ikamulika kuta, mafaili, mikono yao, na uso wa Tone ambao haukucheka.

"Ni nzuri," alisema Tone.

"Ni nzuri."

"Nimekuita uione kwa sababu ni yako pia. Sitaki kesho mtu aseme nilikunyima haki." Akazima taa. Gizani alisema, "Ningerudi, unajua. Mimi si kaka yako. Ningerudi, na ungekuwa na mke anayekupenda. Sasa siendi, na huna."

"Tone, nitafanya lolote."

"Najua. Ndilo linalonisikitisha."

Alifungua mlango, mwanga ukaingia, na yeye akatoka.

Msomaji wa hadithi hizi hungoja fundi wa vioo amtengenezee mpenzi wake pete ya kioo, apige magoti, mambo yaishe. Hakutengeneza. Alijua kwamba kioo kwenye kidole cha mtu anayefanya kazi kwa mikono ni ujinga, na alijua kwamba kuna magoti yasiyosaidia. Tone alimaliza shahada yake mwaka ule, akapata kazi ya kufundisha kemia katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Siku ya kuondoka alishuka karakana wakati fundi amekwenda kula, akaacha faneli ya matone juu ya meza, imefungwa kwenye lile sweta, bilula imesuuzwa.

Baada ya mwaka mmoja mtunza stoo alimletea fundi jarida, limefunguliwa kwenye ukurasa wa katikati. "Huyu si yule binti wa miezi minane?" Ilikuwa makala ya Tone. Fundi aliisoma amesimama, asielewe nusu yake, mpaka akafika mwisho, kwenye shukrani. Alimshukuru Profesa. Alimshukuru mama yake. Kisha: Na fundi wa vioo, ambaye bila unga wake duara lisingefunga. Alirudia mstari ule akitafuta neno jingine ndani yake, neno hata moja, akalikosa.

Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana. Simu ikalia.

"Mwanangu," shangazi alisema, "huyo mkwe wangu unamleta lini? Mimi sizidi kuwa kijana."

Fundi aliliangalia sweta lililotundikwa kwenye msumari. Angeweza kumwambia. Shangazi angelia kidogo, angemtukana kidogo, angemwombea.

"Tulia, Shangazi," alisema. "Atakuja."

Na ndivyo anavyomjibu mpaka leo.